Maana za Zamani za Maneno ya Kiingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na jioni baada ya vipindi huwa nawatafsiria watu hati zao. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayonirudia mara nyingi zaidi: ya wanafunzi wa kidato cha tano, ya wanakwaya, ya wazee wanaoshika karatasi ya mwanasheria wasiyoielewa. Nimeyaacha katika mpangilio ule ule yalivyokuwa yakinijia.

Kiingereza cha leo chenyewe kinanishinda. Kwa nini nijisumbue na maana zilizokufa?

Kwa sababu nyingi hazijafa. Zimo kwenye Biblia ya King James ya mwaka 1611 ambayo bado inasomwa katika makanisa yetu mengi, zimo kwenye mikataba, kwenye riwaya za mtihani, hata kwenye pasipoti. Tena neno geni kabisa halina hatari kubwa. Ukilikuta utasimama, utafungua kamusi. Linalokuangusha ni neno ulilolijua tangu darasa la tatu. Hilo hulitafuti. Unalisoma kwa maana uliyo nayo, sentensi inakaa vibaya, nawe unadhani kasoro ni yako.

Kwa nini "meat offering" ya Mambo ya Walawi haina nyama hata kidogo?

Hili ndilo swali nilipendalo kuliko yote, na aliyeniuliza kwanza alikuwa mwanafunzi aliyesoma kwa makini kuliko mimi. Fungua Walawi sura ya 2. Kiingereza cha 1611 kinasema "meat offering", halafu kinaorodhesha unga laini, mafuta na ubani. Nyama haipo. Sasa fungua Biblia ya Kiswahili, ile ya Union: "sadaka ya unga".

Wakati ule "meat" lilikuwa chakula chochote. Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, liliandikwa "mete", nalo lilihusu kila kinacholiwa. Ndiyo maana katika Mwanzo 1:29 Mungu anampa mwanadamu miche yenye mbegu na matunda ya miti, na King James inasema vitakuwa kwake "for meat". Kiswahili kinasema "vitakuwa ndivyo chakula chenu". Yohana Mbatizaji vilevile: "his meat was locusts and wild honey", chakula chake kilikuwa nzige na asali ya mwitu.

Baadaye neno likabanwa, likabaki na aina moja tu ya chakula. Lakini mabaki ya maana ya kwanza yapo. "Sweetmeat" ni kitu kitamu cha sukari, hakina nyama. Msemo "meat and drink" ni chakula na kinywaji. Na Mwingereza akikuna nazi, ile nyama nyeupe ya ndani huiita "coconut meat", kama sisi tunavyosema nyama ya nazi, ya embe au ya papai.

Nifanyeje nikisoma King James peke yangu bila mwalimu?

Weka Biblia mbili mezani. Msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo vijana wengi wa London hawana: waliotafsiri Biblia yetu walituwekea maana, kwa maneno yanayoeleweka hadi leo, pale ambapo neno la Kiingereza limeteleza. Kila ukiona mistari miwili haipatani, usidhani mmoja umekosewa. Mara nyingi umekutana na maana ya zamani.

Chukua 1 Wathesalonike 4:15. Kiingereza kinasema walio hai hawata-"prevent" waliolala. Leo "prevent" ni kuzuia, na kwa kuzuia aya haina maana. Kiswahili: "hatutawatangulia". Hapo fumbo limefunguka, maana "prevent" limetoka katika Kilatini, "prae" ni mbele na "venire" ni kuja. Anayetangulia njiani anaweza kumzibia njia wa nyuma yake, na hivyo ndivyo kutangulia kulivyogeuka kuzuia.

Waebrania 4:12 inasema Neno la Mungu ni "quick". Je, lina haraka? Kiswahili: "li hai". "Quick" lilikuwa uhai kabla ya kuwa wepesi, na ndiyo maana katika 2 Timotheo 4:1 wanaohukumiwa ni "the quick and the dead", walio hai na waliokufa. Zebaki kwa Kiingereza cha zamani ni "quicksilver", fedha iliyo hai, kwa jinsi inavyokimbia mezani ukiimwaga. Na ukikata kucha mpaka ukagusa nyama inayouma, hapo umefika kwenye "quick", sehemu iliyo hai.

Katika 1 Petro 3:1 "the conversation of the wives" inaonekana kama mazungumzo ya wake, na nimesikia mafundisho marefu juu ya namna mke anavyopaswa kuzungumza, yaliyojengwa juu ya neno hilo. Kiswahili: "mwenendo wa wake zao". Mstari hauhusu kuzungumza kabisa. Tena unasema waume watavutwa pasipo neno!

Luka 2:46, mtoto Yesu hekaluni ameketi katikati ya "the doctors". Hakuwa mgonjwa. Kiswahili: "waalimu". "Doctor" ni mwalimu, kutoka kitenzi cha Kilatini "docere", kufundisha. Daktari wa hospitali alilipata jina hilo kwa sababu ya usomi wake, na mwenye shahada ya uzamivu anayeitwa daktari ndiye aliyebaki karibu na maana ya kwanza.

Marko 6:25, binti wa Herodia anataka kichwa cha Yohana "by and by". Leo msemo huo ni "baadaye kidogo". Kiswahili: "sasa hivi". Hilo la kuteleza kwa wakati ni jambo la wanadamu wote. "Soon" lilikuwa mara moja, likawa karibuni. "Presently" nalo lilikuwa papo hapo. Watu huahidi mara moja, kisha wanachelewa, na neno linachelewa pamoja nao. Msikilize fundi anayekwambia "nakuja sasa hivi" uone "sasa hivi" yetu inaelekea wapi.

Ongeza na hili la 1 Petro 2:9, "a peculiar people". Leo "peculiar" ni wa ajabu ajabu, na kuna wahubiri wanaosema Mkristo lazima awe kituko mbele ya watu. Kiswahili: "watu wa milki ya Mungu". "Peculiar" limetoka kwenye "peculium", mali ya mtu mwenyewe, na nyuma yake liko neno la Kilatini la mifugo. Mali ilikuwa ng'ombe. Njia hiyo hiyo "cattle" imepita kwa kurudi nyuma: kwanza lilikuwa mali yoyote inayohamishika, ndipo likabaki kwa ng'ombe. Kwa Mmasai au Msukuma maelezo hayo hayahitaji kurefushwa.

"Thou", "thee" na "ye" ni lugha ya heshima ya kumwendea Mungu?

Leo yanasikika hivyo kwa sababu yamebaki kanisani. Zamani ilikuwa kinyume. "Thou" na "thee" ni wewe, mtu mmoja. "Ye" na "you" ni ninyi. Kisha, kama Wafaransa wanavyofanya, Waingereza wakaanza kumwita mkubwa mmoja kwa wingi, "you", wakamwachia "thou" mtoto, mwandani, mtumishi, na Mungu katika sala kwa sababu ya ukaribu. Katika kesi ya Walter Raleigh mwaka 1603, mwanasheria mkuu Edward Coke alimwita "thou" mbele ya watu wote kwa kusudi la kumdhalilisha. Yeyote aliyewahi kuitwa "wee!" hadharani anajua jinsi inavyochoma.

Baadaye "you" ikameza kila kitu, na Kiingereza kikapoteza tofauti ambayo Kiswahili hakijawahi kuipoteza. Soma Luka 22:31-32, Yesu akisema na Simoni Petro. King James: Shetani amewataka "you", lakini nimekuombea "thee". Tafsiri ya Kiingereza cha leo inayoandika "you" mara zote mbili, bila maelezo ya pembeni, inamwacha msomaji akidhani Petro peke yake ndiye aliyetakwa. Kiswahili: "Shetani amewataka ninyi … lakini nimekuombea wewe." Hatari ni ya wote kumi na wawili, na ombi limetajwa kwa ajili ya mmoja. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikakaa kimya kwa muda.

Ni kweli "nice" lilikuwa tusi?

Ni kweli. Limetoka kwa Kilatini "nescius", asiyejua, likapitia Kifaransa, likaingia Kiingereza karibu mwaka 1300 likiwa na maana ya mpumbavu. Kutoka upumbavu likaenda kwenye udhaifu na kudeka, kisha kwa mtu mchagua vitu, mwenye kuona tofauti ndogo ndogo. Hapo likaanza kupanda cheo, kwani anayeona tofauti ndogo ni mtu makini. Kufikia karne ya 18 likawa zuri, la kupendeza. Maana ya katikati bado inaishi: mwanasheria akisema "a nice distinction" hasifii uzuri wa tofauti hiyo, anasema ni nyembamba, yahitaji jicho.

"Silly" limekwenda njia iyo hiyo kwa kushuka. Lilianza kama "gesælig", mwenye heri, aliyebarikiwa, na ndugu yake wa Kijerumani, "selig", bado ana maana hiyo. Mwenye heri akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa dhaifu, na katika karne ya 16 dhaifu akawa mjinga. Hakuna aliyekaa akaamua. Kila kizazi kilisukuma neno hatua moja ndogo, na kila hatua ilieleweka kwa waliokuwapo.

Na "sad"?

"Sad" lilikuwa kushiba. Kwa Kiingereza cha Kale "sæd" ni aliyetosheka, na Kijerumani hadi leo "satt" ni mwenye shiba. Aliyeshiba huwa mzito, mzito akawa mtu asiyecheka ovyo, na asiyecheka akawa mwenye huzuni.

Wanafunzi hushangaa shibe iwezeje kuzaa huzuni, nami huwaambia watazame kukinai. Aliyekinai ni aliyetosheka, aliyeridhika na alicho nacho. Hiyo ni sifa. Lakini chakula kikikukinaisha hukitaki tena hata kukiona. Neno moja limebeba kuridhika na kuchoka.

Kwa nini maneno ya watu wa chini ndiyo yanayoharibika?

Kwa sababu wenye kuandika hawakuwa watu wa chini. Tazama maneno mawili yaliyoanzia mahali pamoja. "Knave" lilikuwa mvulana, kama "Knabe" ya Kijerumani. "Knight" nalo lilikuwa "cniht", mvulana au mtumishi. (Ile "k" ya mbele ilitamkwa, haikuwekwa kutuhangaisha.) Mtumishi mmoja alimfuata bwana vitani akiwa juu ya farasi, jina lake likapanda mpaka ikulu. Mwingine alibaki jikoni, jina lake likawa mlaghai.

"Villain", mtu mbaya wa kila filamu, alikuwa mtu wa shamba tu. "Villa" kwa Kilatini ni nyumba ya shamba pamoja na ardhi yake, na "villanus" ni anayefanya kazi hapo. "Boor", mtu asiye na adabu, ni mkulima. Ni ndugu wa "boer" ya Kiholanzi, wale tuliowaita Makaburu. "Pagan" lilitokana na neno la Kilatini la mtu wa kijijini.

Sasa tazama kwetu. Mshamba ni nani? Kwa maumbo ya neno ni mtu wa shamba, anayelima tunachokula. Mjini limekuwa la kumcheka asiyejua kuvuka barabara. Na muungwana? Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, tena wa ukoo unaojulikana. Leo ni mwenye adabu, awe wa ukoo wowote. Kiingereza kilifanya vivyo hivyo kwa "gentle", lililokuwa aliyezaliwa katika ukoo bora kabla ya kuwa mpole, na "generous", ambalo asili yake ni ya nasaba bora na leo ni karimu. Lugha mbili zisizojuana ziliamua kwamba tabia njema ni ya waliozaliwa vizuri, na tabia mbaya ni ya wenye majembe. Mimi ni mtoto wa mkulima, na hili sijalizoea.

Na kuna "boy". Katika karne ya 13 maana yake ya wazi zaidi ilikuwa mtumishi, mtu wa hali ya chini. Ya mtoto wa kiume ilishika baadaye. Wakoloni walipowaita wanaume wenye wake na watoto "boi", maana ile ya kale ilikuwa imerudi mzima. Babu zetu waliofanya kazi hizo jikoni na bustanini waliisikia vizuri sana, hata bila kamusi.

Mchungaji wetu anasema "woman" ni "womb" na "man", mtu mwenye tumbo la uzazi. Na "husband" ni "house-band", kamba inayofunga nyumba. Ni kweli?

Hapana, yote mawili. "Woman" ni "wifmann". "Wif" lilikuwa mwanamke yeyote, ameolewa au hajaolewa, na "mann" lilikuwa binadamu, wa kiume au wa kike, kama vile "mtu" letu. "Womb" ni neno jingine kabisa, lililokuwa na maana ya tumbo.

Maana hiyo ya "wife" ndiyo inayoeleza "midwife". "Mid" ni pamoja na: mkunga ni yule aliye pamoja na mwanamke. "Wife" aliyemo ndani ya neno ni mzazi, siyo mkunga, kwa hiyo mkunga mwanamume haitwi kimakosa. Yamo pia masikitiko: "hussy", mwanamke asiye na haya, ni "housewife" lililofupishwa. Mama mwenye nyumba alishushwa hadi huko.

"Husband" limetoka kwa Waskandinavia waliokaa Uingereza, "húsbóndi", mwenye nyumba, mwenye makao. Ndiyo maana "husbandry" ni kilimo na ufugaji, neno ambalo wengi tulikutana nalo kwenye vitabu vya kilimo kabla hatujajua kama lina uhusiano na mume.

"Girl" je?

Lilikuwa mtoto, wa kike au wa kiume. Mshairi Chaucer katika karne ya 14 anawaita vijana wa jimbo zima "girles". Wazungumzaji walipotaka kubainisha mtoto wa kiume waliweza kusema "knave girl".

Kwenye hati ya kumpa ndugu yangu mamlaka juu ya kiwanja imeandikwa "Know all men by these presents". Zawadi gani hizo?

Mzee aliyeniletea swali hili alikuwa na wasiwasi wa kweli. Alidhani anatakiwa kutoa kitu. "Presents" hapo ni maandishi haya yaliyopo mbele yako. Maana yake: watu wote na wajue kwa hati hii. Hakuna zawadi.

Kwenye pasipoti ya Uingereza, na za nchi nyingine zilizofuata mtindo wake, mwenye nayo anaombewa apite "without let or hindrance". Wanafunzi huuliza, mbona "let" ni kuruhusu? Yalikuwapo maneno mawili. "Lætan" ni kuacha, kuruhusu. "Lettan" ni kuchelewesha, kuzuia. Matamshi yao yakakutana, na la pili likashindwa kuishi. Linaonekana katika Warumi 1:13, ambapo Paulo anasema "was let hitherto", na Kiswahili kinasema "nikazuiliwa hata sasa". Linaonekana pia katika tenisi: mpira wa kuanzia ukigusa wavu na kuvuka, mwamuzi husema "let", kumekuwa na kizuizi, rudia.

Na ukifungua majalada ya zamani ya ofisi utakuta "your letter of the 5th instant". Ni barua ya tarehe 5 ya mwezi huu. "Ultimo" ni ya mwezi uliopita.

Yusufu aliuza mahindi Misri?

Hapana. Mwanzo 42 kwa Kiingereza ina "corn", na kwa Kiswahili "nafaka". Mahindi yalitoka Amerika baada ya 1492. Farao hakuwahi kuyaona. "Corn" ni punje, hasa ya nafaka kuu ya mahali: kwa Mwingereza ngano, kwa Mmarekani mahindi. Zile sheria za Uingereza za 1815 hadi 1846 zinazoitwa "Corn Laws", ambazo ziko kwenye silabasi za historia, zilihusu ngano na nafaka nyinginezo. Na "corned beef" ya kopo? "Corn" yake ni punje za chumvi iliyohifadhia nyama.

Je, maana ya kwanza ndiyo maana ya kweli?

Hapana, na hapa huwa mkali kidogo. Ukimwambia mtu "you are nice" umemsifu, hata kama mwaka 1300 ungekuwa umemtukana. Maana ni kile wanachoelewana wasemaji wa wakati fulani. Simu kwa asili ya Kiajemi ni waya. Ukaja ujumbe wa waya, ikaja simu ya mezani, leo iko mfukoni haina waya hata mmoja. Je, tuache kuiita simu? "Computer" kwa miaka zaidi ya mia tatu alikuwa mtu, karani anayepiga hesabu, kabla mashine haijachukua kazi na jina.

Maana ya zamani inakusaidia kusoma kilichoandikwa zamani. Haikupi haki ya kumsahihisha anayezungumza leo.

Ni kweli mfalme aliliita kanisa la St Paul's "awful" na "artificial", na mjenzi akafurahi?

Hadithi ni tamu, na maana zake ni sahihi: "awful" lilikuwa la kutia kicho, "artificial" lilikuwa lililofanywa kwa ustadi. Lakini mfalme mwenyewe hubadilika kila inaposimuliwa. Mara ni Charles wa Pili, mara James wa Pili, mara malkia Anne. Charles alifariki 1685, na jengo la Christopher Wren lilikamilika karibu 1710. Mimi naitumia darasani kama ngano, na nasema kuwa ni ngano.

Kundi hilo hilo lina ndugu: kwamba "news" ni herufi za kwanza za pande nne za dunia, wakati ni wingi wa "new" tu, na kwamba "history" ni "his story", wakati ni Kigiriki, "historia", uchunguzi. Ukiona asili ya neno inayofurahisha kupita kiasi na haina tarehe wala mfano, iweke kando kwanza.

Kiswahili kimehifadhi Kiingereza chochote cha zamani?

Ndiyo, na bahari ndiyo iliyokileta. Manowari ni "man-of-war", meli ya vita ya enzi za matanga. Waingereza wenyewe leo husema "warship", na "man-of-war" wamemwachia kiumbe mmoja wa baharini anayewasha kama kiwavi. Sisi bado tunalo, hai, kwenye taarifa ya habari. Na neno meli lenyewe ni "mail", barua. Vyombo vilivyobeba barua vilikuwa vya mvuke, basi kila chombo kikubwa cha namna hiyo kikawa meli, hata kisipobeba bahasha moja.

Biashara imekwenda pande zote mbili. Safari kwetu ni ya kwenda msibani, ya kwenda Umrah, ya kwenda kijijini kumwona bibi. Kiingereza kilipoichukua katika karne ya 19 kiliibana ikawa ya kuwinda, baadaye ya kutazama wanyama.

Nitajuaje neno lilikuwa na maana gani mwaka fulani?

Kamusi ndogo ya dukani haitakusaidia, kwa kuwa inatanguliza maana inayotumika zaidi leo. Unahitaji inayopanga maana kwa umri. Kubwa kuliko zote ni Oxford English Dictionary. Wazo lake lilitolewa 1857, sehemu ya kwanza ilichapishwa 1884, ya mwisho 1928. Mhariri wake mashuhuri, James Murray, alifariki 1915 bila kuiona imekamilika. Kazi ilifanywa na maelfu ya wasomaji wa kujitolea waliosoma vitabu vya kale na kuandika kwenye vipande vya karatasi: neno, sentensi, kitabu, mwaka. Kwa hiyo chini ya kila maana unaona watu waliolitumia neno, kuanzia wa kwanza anayejulikana. Toleo la mtandaoni ni la kulipia, ila maktaba nyingi za vyuo vikuu zimejiunga; omba kuingia hata kama husomi hapo. Kwa bure ipo Etymonline ya Douglas Harper, inayotosha kabisa kwa mwanafunzi.

Kwenye riwaya ya karne ya 19, kijana "made love" kwa binti sebuleni mbele ya shangazi zake. Nimeielewa vibaya?

Ndiyo, na si kosa lako. Wakati huo ni kumsemesha maneno ya mapenzi, kumtongoza kwa heshima. "Intercourse" ni mawasiliano au biashara kati ya watu. "Ejaculated" ni alipaza sauti ghafla. "Gay" ni mchangamfu. Walimu, tafadhali yasemeni haya mwanzoni mwa kitabu kwa sauti ya kawaida, ili darasa lisipotee kwenye kicheko na mtoto mmoja asibaki na aibu ya kuuliza.

Nitumie maana hizi kwenye insha?

Usitumie. Ni za kusomea.

Nimegundua mchungaji wangu, au mwalimu wangu, amekuwa akifundisha asili isiyo ya kweli. Nimwambieje?

Siyo mbele ya watu. Msubiri amalize kusalimiana mlangoni, mwamkie, mwambie umesoma jambo kuhusu lile neno na ungependa alitazame. Beba Biblia zote mbili, na kama inawezekana ukurasa wa kamusi. Mwonyeshe mstari wa Kiswahili kwanza, maana huo anaujua kwa moyo, kisha umwekee wa Kiingereza kando yake. Mmoja niliyemwendea hivyo, kwa ajili ya lile la "conversation", alisoma kimya mara mbili, akaniuliza kama nina mengine. Tulikaa kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akaja kufunga geti.